Ukurasa wa Tisini na Moja

Mashine yangu haijui kusoma.
Inameza karatasi, inatapika karatasi,
nami nasimama ubavuni nahesabu:
mia, mia mbili, mia mbili na hamsini.
Msimu wa mitihani ndio karafuu yangu.

Wanakuja kutoka Madungu, Wawi, hata Vitongoji.
"Bwana Shaame, ule mwongozo upo?"
Upo. Kurasa kumi na mbili, pini moja kushoto:
dhamira, migogoro, wahusika na tabia zao.
Elfu moja na mia tano.
Kitabu chenyewe sijapata kuulizwa.
Kiko kimoja skuli, hakina jalada,
watoto sitini na wanne
wanakipokezana kama kata ya mtungini.

Jana kaja Mize, binti Faki wa Ole,
kakitia kwenye mfuko wa unga.
"Nitolee ukurasa mmoja tu, wa tisini na moja.
Unaning'inia, utapotea."
Nikacheka. Mmoja wautakia nini,
na vyote vimekwishafupishwa hapa?

Akauvuta mwongozo wangu, akafunua wa saba,
akaweka kidole penye wino mzito:
*Mama anakufa kwa huzuni.*
"Hafi," kasema.
"Hafi wapi?"
"Hafi popote. Anauza charahani,
anambeba mwanawe, anahamia mji mwengine.
Soma."

Kwenye mtihani wa majaribio
sitini na watatu walimzika, wakapewa tiki.
Mize alimwacha hai, akapigwa mkasi mwekundu.
Nakala anaitaka ampelekee mwalimu.
(Mwalimu naye mteja wangu. Sikumwambia.)

Miaka mitano!
Nimemuua mwanamke yule mara elfu ngapi,
kwa pini moja kushoto,
na chenji nikarudisha.

Marehemu baba alikuwa mpimaji wa karafuu.
Gunia lililochanganywa makonyo
alilijua kwa kutia mkono tu,
akalimwaga chini, hasemi neno.
Nami mdogo nikamuuliza: mbona yananukia?
"Yananukia," kasema. "Ndiyo maana wanathubutu."

Sisemi nitaacha kuuza.
Umeme wa kununua, wino wa kununua,
na mtoto aliyebakisha siku tatu
na kitabu asichokiona kwa macho
nimwambie nini, asubiri zamu ya sitini na nne?
Lakini ule ukurasa wa saba nimeupiga mstari
kwa mkono wangu, nakala moja baada ya moja,
hata kidole kikafanya sugu.

Mize kalipa mia yake, kaondoka.
Mashine, sijui kwa nini, ilitoa mbili.
Ile ya pili nimeisoma chini ya meza
kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani.
Inaanzia katikati ya sentensi:
*...na funguo akauacha mlangoni, uning'inie.*

Funguo wa nini? Wa nyumba ya nani?
Mwongozo hausemi.
Mize akipita leo
nitamwomba wa tisini.