Tatu Si Yako

Nguzo yetu ni msindano uliochongwa Kinyanambo,
bado unatoa utomvu jua likiuchoma;
pete ni chuma cha pipa la lami
alichokikunja fundi Mwachang'a kwa mkopo.
Shangazi akiniuliza habari za pete
namwonyesha hiyo, futi kumi kutoka ardhini.

Mwalimu Sigrada hakunifunza kukimbiza mikono.
Alisimama nyuma yangu saa kumi na mbili asubuhi,
Mafinga nzima ikitoa mvuke mdomoni,
akahesabu kwa kugonga kizibo kwenye kopo:
moja, umeudaka, miguu imetua;
mbili, goti, jicho nyuma ya pete, vidole;
halafu akanyamaza.
"Tatu si yako, Oresta. Tatu ni ya refa."

Basi nikawa napunguza.
Nikaacha kufuta viganja kwenye sketi,
nikaacha kuuzungusha mpira kutafuta mshono,
nikaacha kumtazama mlinzi usoni
kuona kama ananiogopa.
Baba alishaniambia jambo hilohilo bila kujua,
kikombe kikiwa katika mkono wake wa vidole vitatu:
msumeno haukuwa na haraka jioni ile,
mwenye haraka nilikuwa mimi, lori likipiga honi.

Leo ni Njombe. Ukungu umekula mstari wa kati,
mpira umelowa kama kiazi kilichooshwa.
Ishirini na moja kwa ishirini na moja,
na mshika saa ameshasimama.
Mlinzi wao, Tulalumba, mrefu kuliko jina lake,
amelalia hewa, viganja juu ya macho yangu.
"Tupa! Tupa!" Wenzangu, wageni, wenyeji,
hata muuza mahindi ananiharakisha.

Moja. Nimetua.
Mbili. Goti likashuka,
na ndani ya ile mbili palikuwa na nafasi,
sikuwahi kujua ni pana vile,
ya kupumua, ya kusikia kizibo,
ya kuona kutu upande wa nyuma wa pete.

Nikauachia.

Ukagonga chuma, ukazunguka,
ukafikiri, ukakataa.

Nani aliyeruka sijui; miguu iliondoka bila kuniaga.
Mpira ukarudi mikononi, baridi, mzito,
na kwa mujibu wa sheria
hesabu huanza upya:

moja.