Kijumba cha Kuvutwa

Mvua ya Matane ndiyo iliyoamua, si sisi.
Saa tisa usiku, Agosti, hema letu la miaka ishirini na sita
lilianza kulia penye mshono,
tone, kisha tone, kwenye paji la Ghislain,
naye amenyamaza kama mtu anayehesabu madeni.
Godoro la upepo lilikwisha pumzi zamani.
Tulilalia mizizi ya msonobari,
na kila mzizi ulikuwa na mfupa wangu uliouchagua.

Asubuhi alitoka kwa magoti na viganja,
mtoto wa miezi minane mwenye ndevu za mvi,
akashika kioo cha gari ili asimame.
Hakusema kitu. Alinitazama.
Nikasema, "Haya."

Tulikikuta Mont-Joli, nyuma ya gereji,
cheupe, na mstari wa kijani uliopauka,
yai lililosimamishwa juu ya magurudumu mawili.
Kijana mwenye kuuza, Maxime,
aliufungua mlango kwa kuusukuma kwanza na nyonga:
"Una tabia zake," akasema.
Ndani, jiko la mafiga mawili, na chungu kikakaa;
meza inayoshuka ikawa kitanda;
sinki la ukubwa wa bakuli la supu;
harufu ya nguo za mwaka jana.
Ghislain aligongagonga kuta, akapiga tairi teke,
akainama, polepole, kuitazama ekseli
akijifanya anaelewa.
Mimi nilijilaza tu.
Nikanyoosha miguu hadi vidole vikagusa ukuta,
nikausikia mgongo wangu ukitua
pingili kwa pingili.

"Mbona unakiuza?"
"Mapacha," akasema. "Novemba. Hatutoshi tena."
Na kiganja chake hakikubanduka kwenye bati.
Aliomba elfu tano. Ghislain akataja nne.
Nzi akapita kati yao, akarudi.
"Nne na mia tatu, na zulia nawaachia."
Zulia lilikuwa baya. Tukalichukua.

Hili la kurudi nyuma hakuna aliyetuambia:
ukitaka kitako chake kiende kushoto,
zungusha usukani kulia.
Kambi nzima ya Cap-Chat iliweka vikombe chini itutazame.
Nilisimama nyuma nikipunga mikono,
"Kushoto! Kushoto kwako! Hapana, kwangu!"
na ndoa ya miaka thelathini na minane
ikajikunja pale kama kisu cha mfukoni
mara nne, mara tano,
hadi mwanamke wa karavani kubwa ya jirani,
mwenye mbwa aliyevaa sweta,
akaja dirishani: "Shika usukani kwa chini, bwana.
Mkono uendako, ndiko kiendako."
Kikaingia. Watu wawili wakapiga makofi.
Mbwa akakojolea gurudumu letu jipya.

Usiku mvua ikatufuata.
Mto Saint-Laurent, ambao huku tunauita bahari,
ulikuwa ukikwangua mawe gizani,
bati likapigwa kila upande,
ndani hakuna hata tone.
Nilichemsha maziwa nikiwa nimesimama.
Nimesimama!
Hilo nataka liandikwe.

Tukalala. Kitanda kipana, kikavu, bapa.
Ndipo nikagundua jambo:
lile godoro la upepo, lililovuja kila usiku,
lilikuwa na bonde katikati,
na miaka yote ile tuliteremka humo, kila mtu na upande wake,
tukaamka tumebanana,
tukiilaumu plastiki.

Hapa hapana mteremko.
Ghislain yuko mbali, ukingoni kwake,
mkavu, akikoroma kwa adabu kama mgeni.
Nilisikiliza mvua kwa muda.
Kisha nikasogea mwenyewe,
kwa kiwiko, halafu kwa nyonga,
kama mtu anayefungua ule mlango.