Tofali la Buluu

Nilimchongea penseli miaka kumi na tisa,
bwana Traugott Ellerbrock, msanifu wa manispaa ya Altenwehr,
nami namjua kwa weusi wa kucha zake
kuliko pasta alivyomjua kwa dhambi zake.

Asubuhi alifika kabla ya mwasha jiko,
koti limejaa theluji, mfukoni futi ya mbao,
na kabla hata ya salamu:
"Leberecht, ule ufa umeongezeka?"
Ufa wa daraja, ufa wa ghala la nafaka,
ufa wa kanisa ambao madiwani waliuita kivuli.
Usipoziba ufa utajenga ukuta: waambie hao
waliokata bajeti kama soseji,
kipande kwa kipande,
hadi mkononi mwao ikabaki kamba tupu.

Hakujenga kasri. Alijenga machinjio
yenye sakafu ya mteremko ili damu ijue njia.
Alijenga kituo cha zimamoto, mizani ya soko la nyasi kavu,
choo cha stesheni chenye matao,
ambacho gazeti lilikicheka wiki tatu.
Na shule ya Mtaa wa Wakerezaji:
pale nilimwona akipiga magoti topeni, mtu wa miaka hamsini,
apime jicho la mtoto wa miaka sita liko kimo gani,
kisha akayachora madirisha chini, chini kabisa, mto uonekane.
Mkaguzi akasema: mtoto akiona mto hataona ubao.
Yakapandishwa yote.
Lipo moja walilolisahau, kwenye ngazi za kaskazini.
Watoto hulipigania mpaka leo.

Alikuwa na watoto wawili ambao hawakukua.
Wa kwanza alilala katika mtoto wa meza, chini kushoto:
jumba la michezo ya kuigiza, kuba la shaba, viti mia nane,
karatasi kumi na nne za wino,
nguzo nyembamba kama shingo za bata bukini.
Kila msimu wa bajeti alilitoa, akalipanguza, akalirudisha.

Wa pili aliitwa Ottilie.
Kiangazi cha sitini na sita kipindupindu kilipanda
kutoka visima vya Mtaa wa Watengeneza Ngozi,
kikabisha hodi nyumba kwa nyumba,
hakikuchagua ngazi ya mawe wala ya mbao.
Jumatatu alikuwa akiruka kamba.
Alhamisi nilishika upande mmoja wa jeneza.
Sanduku la ramani lilikuwa zito zaidi.

Baada ya hapo bwana akaingia chini ya ardhi.
Miaka kumi na moja, mabuti hadi mapajani, taa mkononi,
maili tatu za mfereji wenye umbo la yai,
kwa kuwa yai, alisema, halina pembe ya kuficha uchafu.
Nyumba njema si mlango, wanasema;
yeye alishuka mpaka chini ya kizingiti.
Diwani mmoja aliuliza: kazi yote hiyo, nani atakayeiona?
Akajibu: panya.
Na panya, bwana, hadanganywi kwa chokaa.

Walipomstaafisha walimpa mwiko uliopakwa fedha,
jina limekosewa herufi moja.
Akaupima mkononi, akanong'ona: haushiki udongo.
Kibao cha shaba kwenye pampu kina jina la meya.

Lakini siku kiungo cha mwisho kilipofungwa,
chini kabisa ya kisima kile cha zamani,
alitoa kotini tofali moja la buluu,
lililochomwa mara mbili kama kigae,
akaliweka kwa mkono wake, akalifuta kwa kofia.
Hakusema neno. Sikuuliza.
Maji yakafunguliwa tukapanda juu, tukanywa supu.

Sasa nina miaka sabini na mbili, mwandiko wangu unayumba.
Mhandisi mpya ana mashine, tena ana haraka.
Nimemwambia avunje popote atakapo;
ila hatua arobaini kutoka pampu, upande wa kulia,
ainue taa,
apite polepole.