Dakika Tano

Saa kumi na moja alfajiri, machinjioni Mbarara,
Barigye ananitilia vifuko vya mayai
katika chupa ya chai niliyoijaza maji ya chumvi.
Mimi napima joto kwa kipimajoto,
yeye kwa kidole cha mwisho, na hatujawahi kutofautiana.
"Hivi sisi huwatupia mbwa," asema,
kisha ananipa mgongo. Ana maini ya kupima.

Maabarani nanyonya kwa sindano, tone baada ya tone.
Chini ya darubini mayai yamejifunika seli
kama mtu aliyelala na blanketi hadi puani.
Nayalea siku nzima kwenye joto, kesho yake nayavua.
Arobaini na moja. Duara, meupe kidogo, kimya.
Kila moja lilianza kujigawa likakomea njiani,
mguu mmoja ndani, mmoja nje ya kizingiti,
likingoja hodi.

Mbegu ya fahali ingekuja na ufunguo wake.
Leo hakuna fahali.
Kuna kichupa kilichofungwa karatasi kisipigwe na mwanga,
na tone dogo kuliko jicho la sisimizi.
Nabonyeza saa. Dakika tano, isizidi.

Kalsiamu imo humo tangu awali,
imefungiwa ghalani kama ulezi wa mama wa kambo:
mnajua upo, hamjui funguo ameficha wapi.
Dawa inapasua milango, ya nje na ya ndani.
Nimetia rangi ya kung'aa ili nione,
na naona: ukingo mmoja unawaka,
kisha moto unatambaa upande wa pili,
vile nyasi za Nyabushozi zinavyoshika mwezi wa saba,
hakuna aliyeuona mkono uliowasha.

Dakika ya tatu namkumbuka Bihogo,
nusu wa kwetu, nusu wa Kizungu,
aliyezaa usiku akashindwa kuinuka.
Shingo ameikunja ubavuni, masikio baridi kama vyungu.
Baba alikwisha kumwita mnunuzi wa nyama.
Nuwagaba akaja na pikipiki na chupa moja,
akaipasha joto kwapani, akatafuta mshipa wa shingo,
akaniambia niinue chupa juu, nisitikisike.
"Ni dawa gani?"
"Chokaa tu. Ileile ya mifupa yako."
Mkono ulikufa ganzi. Bihogo akatetemeka, akacheua,
akanya, akasimama.
Hakumtazama yeyote.
Akaendelea kumlamba ndama palepale alipoachia.

Saa inalia. Naosha mayai, nayahamisha.

Sitajidai. Mbegu huwasha moto huu tena na tena,
saa baada ya saa, kama mdai asiyechoka mlangoni.
Mimi nawasha mmoja, mkubwa, basi,
halafu naongeza dawa ya pili yai lisirudie usingizi.
Hata hivyo linasadiki. Kesho asubuhi
ni mawili, halafu manne, halafu nashindwa kuhesabu.

Mama kapiga simu: "Na baba yao nani?"
"Hawana."
"Basi hao si ndama."
"Si ndama, mama."
"Sasa ni nini?"
Salio lake likaisha. Sikumpigia.

Siku ya nane naandika daftarini:
yaliyoamka thelathini na tatu,
yaliyofika kuwa kitufe chenye uwazi ndani, tisa.
Hakuna litakalovuka hapo mbali; hilo tulilijua.
Tulitaka kujua tu kama lishe yetu inafaa,
kama mikono yangu inafaa,
kabla mbegu yenyewe haijaletwa kutoka Entebbe
na kila yai kuwa na bei.

Tisa. Nayatazama zaidi ya inavyotakiwa.
Halafu namwaga, nafuta kioo,
naiosha chupa ya chai mara tatu kwa maji ya moto.
Ofisini hakuna hata mmoja
aliyewahi kukubali nimmiminie.