Akiba ya Mshono

Jumanne usiku nilibonyeza "Sasisha"
kama mtu anavyozima taa, bila kufikiri.
Asubuhi, kufuli la duka bado lipo mkononi,
Mama Ngonyani kapiga kutoka Tabata Kimanga:
"Mwantumu, mmehama?
Mbona tovuti yenu iko kichwa chini miguu juu?"

Nikaitazama kwenye simu.
Kweli, bwana.
Menyu imeporomoka hadi kwenye anwani,
magauni yamelaliana kama Ilala belo likifunguliwa,
bei ya shela imemwangukia bibi harusi usoni,
na kitufe cha "Agiza Hapa",
kile nilichogombania kiwe cha zambarau,
kimejibanza nyuma ya picha.
Akibonyeze nani?

Dola hamsini na tisa.
Sura ya tovuti, tayari kuvaliwa.
Nililipa kwa kadi ya shemeji,
nikamrudishia kwa awamu tatu na maneno.
Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio.
Ya kununua hawakuitaja,
nikadhani imesalimika.

Nikamwandikia muuzaji. Simjui.
Ana picha ya mlima na jina la herufi nne.
Likaja jibu la mashine:
muda wako wa kusaidiwa uliisha mwezi Machi,
lipia tena ndipo tukusikie.
Haya. Mimi hapa Magomeni,
zipu ya mteja ifyatuke ukumbini,
nimwambie risiti yako imelala?
Mashangazi wangenifungia duka kabla ya adhuhuri.

Lusajo alifika saa nane
na laptopu iliyofungwa kwa lastiki,
lastiki yangu, nimeitambua.
Akasoma maandishi mekundu, akaguna.
"Mama, mtambo umepanda toleo,
sura uliyonunua imebaki kule kule.
Inaita vitu kwa majina ya zamani.
Hakuna anayeitika."

Nikaelewa kuliko alivyotegemea.
Miaka ishirini na miwili nakata vitambaa vya watu.
Mwili hauombi ruhusa:
unanenepa Idi, unakonda msibani,
unajifungua, unarudi dukani
na gauni lile lile mkononi, na aibu.
Kwa hiyo kila ubavu naacha inchi moja ndani,
imekunjwa, haionekani, haimo kwenye bei.
Akiba ya mshono.
Huyu wa herufi nne
alikata mpaka kwenye alama ya chaki.

"Sasa?"
"Sasa tunairudisha ya juzi, kama ulihifadhi nakala."
Nilihifadhi?
Nikaitazama cherehani.
Cherehani ikanyamaza.

"Basi tutaizalisha mtoto," akasema.
"Viraka vyako vyote avae mtoto.
Mama yake hata abadilishwe kesho,
yeye hanyang'anywi."
Nilicheka, pini zikanidondoka mdomoni,
nikaziokota moja moja huku yeye anaandika,
umeme ukikatika, ukirudi,
bando langu likiyeyuka kama barafu ya mia.

Magharibi menyu ilikuwa imepanda juu,
karibu yote. Neno "Mawasiliano" linaning'inia bado,
uzi ambao hakuna aliyeukata.
Kitufe kimerudi, ila cha kijani.
Sikusema kitu. Kijana hajala.
Mama Ngonyani akaagiza sare thelathini na moja
za kicheni pati ya mwanawe.
Kwa kupiga simu.
Kitufe hata hakukigusa.

Sasa ni usiku. Juu, pembeni,
kiduara chekundu chenye moja ndani yake:
kuna toleo jipya.
Nimekiacha kiwake.
Mguu uko kwenye pedali,
nashona kiuno cha mtu
ambaye sijui Desemba atakuwa na kiuno gani,
na inchi yangu naipindia ndani.