Tulikwenda Kuona Bahari

Mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, stesheni ya Łódź.
Tumebeba nyumba nzima isipokuwa kuta:
nepi arubaini, sufuria ya kuchemshia chupa,
kigari chenye gurudumu moja linalolia kama panya,
sungura wa kitambaa aliyepoteza sikio,
na sungura wa akiba, endapo wa kwanza atapotea.
Halszka amemfunga Jagna kifuani, miezi mitano.
Mimi nimemshika Gniewko mkono, au yeye kanishika mimi,
kwani ana miaka miwili na nusu na ndiye anayejua njia.

“Bahari iko wapi?”
Mbele, mwanangu.
“Bahari iko wapi?”
Bado. Hata Kutno hatujafika.

Behewani bibi mmoja mwenye kofia ya kijani
alitoa yai la kuchemsha, akalimenya taratibu,
kwa utulivu wa mtu aliyesafiri peke yake,
akampa. Gniewko alikula kiini.
Weupe wake niliukuta jioni, ndani ya kiatu changu.

Jagna alichafuka mara tatu kabla ya Bydgoszcz,
mara ya tatu mpaka mgongoni, mpaka kisogoni.
Halszka alimbadili kwenye choo cha treni inayoyumba,
goti limezuia mlango, meno yameshika nepi safi,
nami nje nikiuliza, “Nikuletee chochote?”
kama mhudumu wa hoteli.
Hakujibu.
Kuna kimya ambacho ni jibu refu.

Ustka, basi. Upepo.
Watu wa kwetu huenda pwani na kuta zao,
vitambaa vya mistari kwenye vijiti, hupigwa nyundo mchangani,
kila familia na ua wake, na mlango, na jirani wa kumnunia.
Hapo nikakumbuka tulichokiacha nyumbani.
Tukajibanza nyuma ya kigari, wanne,
tukila mchanga na mkate, mchanga zaidi.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.
Hawakuwahi kumvua mtoto huyu sweta
mbele ya Baltiki ya nyuzi kumi na sita.
Aliitazama bahari, ile aliyoiulizia saa saba njiani.
“Kubwa mno,” akasema,
akaipa mgongo.

Kwenye ngazi za mbao palikuwa na bomba la kuoshea miguu.
Ukibonyeza, maji. Ukiachia, hakuna.
Ukibonyeza, maji!
Siku sita tulilipia chumba chenye dirisha la baharini
ili mwanangu abonyeze bomba la manispaa.
Alijuana na watu wote wa pwani ile kwa miguu yao.
“Huyu ana kidonda,” alinong’ona. “Huyu ana rangi kwenye kucha.”
Aliwaosha, wakamshukuru, akawaambia wapange foleni.

Siku ya tano, saa nane na robo, jambo lilitokea
ambalo hatujawahi kumsimulia mtu akaliamini:
wote wawili walilala.
Kwa pamoja. Mmoja kigarini, mmoja mapajani mwangu,
sikio la sungura mdomoni.
Halszka alikuwa ameshika keki ya vyumba vyumba, malai yakimtiririka kiwikoni,
hakuthubutu hata kuyaramba.
Tuliiona bahari, basi. Mimi na yeye.
Ilikuwa ya kijivu, ilikuwa na shakwe mmoja aliyekaa kama mwenye deni.
Nilitaka kumwambia kitu, kitu cha zamani,
cha tangu tulipokuwa wawili na begi moja.
Nilivuta pumzi.
Jagna akapiga chafya.

Sasa ni mwezi wa kumi. Gurudumu bado linalia,
ila sasa lina mchanga, linalia kwa sauti nene.
Nyanya yake anamuuliza, “Gniewko, baharini uliona nini?”
Anafikiri. Ananyoosha kidole, anabonyeza hewa.
“Miguu,” anasema.