Mkono Uliopigwa Wino Mwekundu

Kilitoka ndani ya belo la makoti ya baridi,
Kiboriloni, Jumatano, mizigo ikifunguliwa,
watu wakigombea zipu na manyoya ya bandia.
Mimi nikashika kitu kigumu, nikadhani boksi la viatu.
Kitabu. Kizito kama tofali la kuchoma,
kona moja imeliwa na panya wa nchi nyingine.
"Chukua, Mama Elinaike, elfu mbili," akasema Kanankira,
"hicho hakivaliki."

Maandishi yake siyajui. Herufi zina vidoti vichwani,
nyingine zina mikia.
Nashukuru. Hakuna wa kunielekeza nione nini.

Ni picha za filamu kabla haijawa filamu:
joka limechorwa mara tisa,
la kwanza lina uso wa mbuzi, la tano lina aibu,
la tisa ndilo walilolichagua, na mimi ndilo nisilolitaka.
Kuna mji juu ya mgongo wa kobe,
na langoni, kwa penseli, mtu mdogo kama punje ya ulezi
amewekwa tu ili ujue ukubwa wa lango.
Hana jina, hana kazi nyingine duniani.
Yule nampenda kuliko mashujaa.

Usiku umeme ukikatika nakifungua kwa tochi ya simu.
Mistari iliyokosewa haikuondoka,
imelala chini ya ile iliyopatia,
kama chaki yangu kwenye kitambaa cha bluu
hata baada ya pasi.
Kumbe ni mafundi wenzangu hawa.
Nami nakata pateni kwenye mifuko ya saruji
na magazeti ya mwaka juzi;
sketi kabla haijawa sketi
ni waziri aliyekatwa kiunoni.

Fanueli wa kibanda cha video akaja na flashi:
"Nitakutafutia yenyewe, mama, imetafsiriwa, inaongea."
Nikakataa. Ikiongea itachagua.
Humu majoka bado ni tisa.
Humu hajafa mtu.
Akacheka, akaomba kuona ukurasa wa kobe,
akakaa hapo mpaka wali wake ukapoa.

Hata huu mlima, asubuhi za Aprili,
wingu linaufuta bega, linalirudia vibaya,
saa nne linaufuta wote,
na wageni wananung'unika kwamba wamelipia.

Ukurasa wa sabini na mbili yupo malkia.
Mkono wa kushoto wa gauni lake
umejikunja kama jani la mgomba kabla halijafunguka,
mikunjo kumi na mmoja, nimehesabu,
na juu yake mtu amepiga msalaba wa wino mwekundu.
Hapana.
Ghali, labda. Au mzito. Au farasi angeukanyaga.
Ukurasa unaofuata malkia ana mkono wa kawaida,
kama karani wa benki.

Novemba akaja Ndeshukurwa na binti yake:
gauni la kipaimara, jeupe, la kawaida, "na usinifilisi."
Nikapima bega, nikapima kiwiko.
Mtoto anatazama sakafu, mrefu kuliko anavyotaka.
Kitambaa kilibaki mita moja na robo.
Sikumwambia mtu.

Siku yenyewe nilikaa benchi la nyuma.
Watoto arobaini wanaingia, weupe kwa weupe,
na katikati ya safu mkono mmoja ukafunguka,
mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tano,
shingo ya mtoto nayo ikainuka polepole,
mzee wa kanisa akasogea kumpisha
na hakujua kwa nini amesogea.

Huko mbali yupo mtu aliyechora, akaambiwa hapana.
Sijui kama yu hai.
Ningemtumia picha, ila jina lake nalo lina vidoti.

Nje, kwenye kokoto, Ndeshukurwa akanivuta pembeni.
"Fundi, mbona mikono haifanani?"
Wa kulia, nikamwambia, ulishapitishwa.
Huu mwingine ulikuwa unasubiri.